Mchanga wa Ivuga

Bonde la mwanga lilipowaka juu ya meza, Naetwe Mgonja alitafuta kwanza mahali ilipo nyumba ya baba yake. Haukuwa utaratibu wa kazi. Mpima anatakiwa kuanza na chanzo cha mto, juu msituni, na kushuka nao polepole mpaka tambarare bila kuruka kitu. Lakini macho yake yalikwenda yenyewe mpaka Mashwena, na yalipofika yakakuta pakavu.

Hapakuwa na mto pale. Kulikuwa na mteremko mtupu wa udongo mweusi.

Mto Ishuve ulikuwa upande wa pili. Juu ya meza ulitoka msituni kama unavyotoka leo, ukafika kwenye kiwiko cha mwamba, kisha badala ya kupita katikati ya bonde ukapinda kushoto na kuingia Ivuga. Ulipita juu ya mashamba ya tangawizi, ukapita juu ya shule na zahanati, ukatokea chini karibu na kanisa. Mstari wake ulikuwa mpana, mweupe, usio na shaka.

"Hongera, dada," alisema Limbu, fundi wa mitambo, kijana mwenye mwili mkubwa aliyetoka kanda ya ziwa na kulalamikia baridi ya milimani kila asubuhi. "Kwenu kumesalimika."

"Rudisha tena."

"Nimeirudisha mara mbili. Haibadiliki."

"Rudisha."

Limbu alizungusha pete iliyokuwa pembeni ya meza. Bonde likaanza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Matuta yalishuka, makorongo yakajaa, kingo zilizojengwa kwa mawe ziliyeyuka. Pete ilipofika Mwaka wa Maji alisimamisha mkono, na mto ukalala palepale, juu ya Ivuga.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao: kuchora bonde kama lilivyokuwa mwaka ule. Baada ya mabwawa makubwa kupasuka na miji ya tambarare kuzama, nchi ilikuwa imekubali jambo moja ambalo vizazi vilivyotangulia vilikataa kulikubali, kwamba mto unajua njia yake. Katika Mwaka wa Maji kila mto nchini uliacha mkondo wake na kujichagulia mwingine, kisha watu wakaurudisha kwa matuta na zege, na kila waliporudisha waliandaa maafa mengine. Sasa Baraza la Kurudisha Mito lilikuwa linapita bonde kwa bonde. Ramani ya Mwaka wa Maji ikishapigwa muhuri, mto unarudishiwa njia yake, na aliyejenga katika njia hiyo anaondoka.

Mashine za kuchimba zilikuwa tayari barabarani, juu ya bonde. Watu waliziita nyumbu, kwa sababu zilitembea kwa kundi na kusimama zimeinamisha vichwa. Hazikuwa na dereva. Zilisubiri ramani.

"Hebu niangalie chembe za Ivuga," alisema Naetwe.

Chembe ya mchanga ikifunikwa gizani hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kutoka katika udongo unaoizunguka. Jua likiigusa, nguvu ile hutoka yote, na chembe huanza upya kama mtungi uliomwagwa. Msoma-chembe alikuwa mtambo wa kupima mtungi huo umejaa kiasi gani. Walikuwa wamechomeka fimbo zake bonde zima, na kila chembe ilikuwa imesema lini iliona jua mara ya mwisho. Mchanga wa mto uliolala chini ya tangawizi ya Ivuga ulikuwa umeliona jua katika Mwaka wa Maji. Mashwena hapakuwa na mchanga wa mwaka ule hata kidogo. Mtambo ulikuwa umefanya hesabu iliyo wazi: palipo na mchanga wa mto, mto ulipita.

Naetwe alikuza picha. Mchanga unaoletwa na maji hulala kwa mpango, mzito chini, mwepesi juu, kama unga uliochekechwa. Huu wa Ivuga haukuwa na mpango. Mzito na mwepesi ulikuwa umechanganyika, vichuguu vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, kila kimoja kikubwa kama kitu kilichomiminwa kutoka kichwani mwa mtu.

"Una nini, dada?"

"Nuru inaniumiza macho," alisema Naetwe, akatoka nje ya hema.

*

Nakijwa Mbwambo alikuwa amekaa kwenye mawe ya kuvukia mto, miguu ndani ya maji, khanga imefungwa kiunoni. Walizaliwa mwaka mmoja, yeye Ivuga na Naetwe Mashwena.

"Mpima mkuu," alisema bila kuinuka. "Nisimame au nipige magoti?"

"Nakijwa, usianze."

"Nitaanza vipi, na wewe ndiye unayemaliza?"

Naetwe alivua viatu na kukaa jiwe la pili. Maji yalikuwa ya baridi kama zamani.

"Leo nimeweka mkono kwenye ile meza yenu," alisema Nakijwa. "Kabla sijafungua mdomo, taa nyekundu. Mwalimu mkuu akaweka wake, taa nyekundu. Mchungaji akasema ngoja nijaribu mimi, mimi ni mtu wa Mungu. Taa nyekundu."

"Kanisa liko Ivuga."

"Ndivyo alivyotuambia Limbu wenu. Basi hata Mungu ana kiwanja Ivuga, hasikilizwi."

Walitaka kucheka wote wawili, na hakuna aliyecheka.

"Sheria ndivyo ilivyo," alisema Naetwe. "Zamani watu walinunua mashahidi, mto ukahamishiwa kwa jirani. Mabonde mazima yaliibwa hivyo. Ndipo ikaandikwa kwamba mashine inaweza kupingwa na mtu mmoja tu, yule ambaye atapoteza ardhi yake kwa maneno yake mwenyewe. Meza inasoma kiganja, inaona unamiliki nini. Kama maneno yako yatakufaidia, haikusikii."

"Na mpima?"

"Mpima anasoma tu. Hata kuuliza mtambo swali jingine haruhusiwi, mpaka awepo shahidi."

"Wewe ulikuwa na karai la bluu lenye tundu," alisema Nakijwa. Alikuwa anaangalia maji. "Mchanga unakudondokea mgongoni njia nzima, ukifika kwetu karai liko nusu. Na mama yangu alikuwa anakupa kipande cha muwa sawa na waliofika na karai zima. Mimi nilikuwa naona wivu."

"Nakumbuka."

"Nilijua unakumbuka. Wenzangu wanasema labda amesahau, mjini watu husahau. Nikasema, mtu hasahau muwa." Aliinuka, akakung'uta maji miguuni. "Anatakiwa mtu wa Mashwena mwenye ardhi. Mmoja tu. Baba yako ndiye aliyepuliza baragumu la kutuita tubebe, Naetwe. Ule mchanga hukuutoa kwenye mto, uliutoa kwenye uwanja wenu."

"Unaniomba nikamwambie azamishe nyumba yake."

"Sikuombi. Nakukumbusha muwa."

*

Mzee Kadiva Mgonja alikuwa anachambua maharage uani, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni. Nyuma yake, kando ya migomba, kaburi la mkewe lilikuwa limezungushiwa ua wa masale mabichi yaliyopunguzwa vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Huko mnakula hiyo mitambo?"

"Tunakula."

"Inaonekana haina mafuta. Kaa. Kuna makande."

Walikula. Mzee Kadiva alikuwa na meno machache na aliyatumia kwa uangalifu.

"Nimesikia meza imewakataa watu wa ng'ambo," alisema.

"Imewakataa."

"Meza yenye akili."

"Baba."

"Nimesema tu."

Naetwe aliweka sahani chini. "Mto ulipita hapa. Ulipita hapa tulipokaa. Nilikuwa mdogo lakini niliona. Mchanga ulifunika migomba, ikabaki vichwa tu."

"Ilibaki vichwa," alikubali mzee. "Na ng'ambo mvua ilikuwa imekwangua mashamba yao mpaka mwamba. Hukuweza kupanda hata unyasi. Sisi tuna mchanga tusioutaka, wao wana mashimo. Nikapanda kwenye lile jiwe la juu ya shamba, nikapuliza baragumu. Walikuja wote, wao na sisi, wanawake wenye mimba wakaja. Msaragambo wa vijiji viwili kama ule, kazi ya wote bila ujira, haukuwahi kuonekana. Tulibeba kiangazi kizima. Hapa tukakwangua mpaka udongo wa zamani, hakikubaki hata kiganja cha mchanga, mama yako alifagia kwa ufagio. Na kule wakachanganya na samadi, wakapanda tangawizi. Mpaka leo tangawizi yao inashinda yetu." Alitema ganda la haragwe. "Sijui kama nimewahi kufanya kitu kizuri kuliko hicho."

"Na sasa ndicho kinachowazamisha. Mtambo unaona mchanga wetu kwao, unasema mto ulipita kwao."

"Nimeelewa. Sikusoma lakini nimeelewa."

"Basi nenda ukaseme."

"Siwezi."

"Hutaki."

"Nimesema siwezi, sikusema sitaki. Ulisoma sana, Naetwe, lakini kusikiliza bado." Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Fimbo zenu zilipoanza kuchomekwa, wenye mashamba wote wa Mashwena tulikutana kwa Mrutu. Tukanywa dengelua, pombe ya yamini, kibuyu kimoja, mkono kwa mkono. Kwamba hakuna kinywa kitakachofunguka mbele ya meza. Mimi nilikunywa wa kwanza, kwa sababu ndimi mkubwa wao."

"Mlikunywa kabla ya kujua nani atazama?"

"Tulijua. Ndiyo maana tulikunywa."

Kuku alipita kati yao, akadonoa haragwe lililoanguka. Mzee hakumfukuza.

"Mimi sijavunja yamini maishani," alisema. "Mrutu ana wajukuu pale. Wale pacha wa marehemu Msangi wamepanda miche juzi tu. Nitawaambia nini? Na mama yako yuko pale." Hakugeuka kuonyesha. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Hiyo meza, inamsikiliza nani hasa?"

"Anayepoteza ardhi."

"Na wewe?"

"Mimi sina kitu hapa, baba. Sheria inaangalia ardhi, haiangalii mtu kazaliwa wapi. Ndiyo maana niliruhusiwa kupima. Nikiweka mkono, itakuwa nyekundu kama ya Nakijwa."

Mzee Kadiva alikwangua sahani yake mpaka ikang'aa.

"Maliza makande," alisema. "Yakipoa ni kokoto."

*

Siku ya pili yake Mzee Kadiva alituma watu waite ukoo na majirani. Naetwe aliitwa kutoka hemani bila kuambiwa sababu. Alikuta ua umejaa, na katikati amesimama mtendaji wa kijiji ameshika kibao cha kusajili ardhi. Mzee Kadiva alikuwa amevaa koti lake la harusi za wengine.

"Nina mtoto mmoja aliyebaki," alisema. "Kaka yake alitangulia. Mimi nazeeka, na mambo ya bonde yanakwenda haraka. Kwa hiyo shamba hili, kuanzia kwenye jiwe mpaka mtoni, na nyumba, na kaburi lililomo, nampa huyu."

Kukawa na mguno. Shamba kupewa binti lilikuwa jambo ambalo wazee wa pale walilikubali kwenye karatasi na kulikataa moyoni. Lakini Mzee Mrutu, mwenye shamba la chini yake, mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa ameanza kutabasamu, na tabasamu lake lilienea uani kama harufu ya chakula.

"Kadiva," alisema, "wewe ni mtu mbaya. Umemfunga mpima kwa kamba ya migomba."

"Sasa tuone kama atazamisha shamba lake mwenyewe," alisema Mzee Kadiva.

Ua mzima ulicheka. Walicheka kwa nafuu, kama watu walioona mlango umefungwa kwa komeo la pili. Mzee alikata jani la isale kando ya kaburi, akamkabidhi binti yake mbele ya wote kama inavyofanywa ardhi inapobadilisha mkono, na mtendaji akamwambia Naetwe aweke kiganja kwenye kibao. Aliweka. Kibao kikatoa mlio mdogo.

Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anaangalia jani.

Wageni walipoondoka alikaa karibu na kaburi la mama yake mchana ule, jani mkononi, na akajaribu kufikiri kama alivyofundishwa, hatua kwa hatua, kutoka chanzo mpaka tambarare. Kama ni watu, vijiji viwili vililingana. Kama ni makosa, hakuna aliyekosa. Angenyamaza, asingekuwa amedanganya. Mtambo ndio uliosema, yeye alisoma tu, na kusoma hakujawahi kuwa dhambi. Ivuga wangepakiwa na kupelekwa uwandani kwenye nyumba za Baraza, zilizopangwa kama masanduku katika vumbi ambalo tangawizi haioti. Angesema, wangepelekwa Mashwena.

Shamba lake angeweza kulitoa. Hilo lilikuwa gumu lakini lilikuwa lake, tangu asubuhi. Lakini mto haupiti shamba moja. Ukiingia hapa unaingia kwa Mrutu, unaingia kwa wale pacha wenye miche. Alikuwa na haki gani ya kutoa uwanja wa Mrutu? Sheria ilimtaka mtu mmoja tu apoteze, na kwa neno la huyo mmoja wengine wote wapoteze naye bila kuulizwa. Walioiandika walifikiria wezi. Hawakufikiria jirani.

Alitafuta upande wa pili wa swali na akaukuta uleule. Ivuga nao hawakuulizwa. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba mto haukupita kwao. Tofauti hiyo haikumfariji. Ilikuwa ndogo, ngumu, kama kokoto kwenye makande, na haikutafunika.

Akaondoa magugu yaliyokuwa yameota kati ya masale, kwa mikono, mpaka akamaliza upande mmoja.

*

Siku ya muhuri watu wa vijiji vyote viwili walisimama nje ya hema, kila kijiji upande wake. Mashwena walikuwa wanazungumza. Ivuga walikuwa kimya, na baadhi yao walikuwa wameshafunga mizigo.

Ndani, Limbu alikuwa amewasha bonde la mwanga. "Tayari, dada. Kiganja chako hapa, tumalize, tushuke kwenye joto."

Naetwe alivua beji yake, akaiweka mbele ya Limbu.

"Ya nini hii?"

"Nina ardhi bondeni. Siwezi tena kuwa mpima wa bonde hili. Muhuri ni wako."

"Dada, hilo ni jambo la karatasi, tutaandika—"

"Na nina malalamiko."

Limbu alielewa kabla hajamaliza. Alikuwa mtu mwenye moyo mwepesi na uso wake haukujua kuficha. "Naetwe," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Nje kuna baba yako."

"Najua aliko."

Aliweka kiganja kwenye meza. Ilichukua muda. Kisha taa ikawaka kijani, na sauti isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume ikamwambia aseme.

Alisema kwa sauti ya kawaida. Alisema mto ulipita Mashwena. Alisema mchanga ulibebwa kwa makarai, kwa vikapu, kwa khanga, kiangazi chote kilichofuata, na kwamba ndiyo maana chembe ziliona jua mwaka uleule. Alisema alikuwepo. Aliombwa kutaja atakachopoteza, akataja: nyumba, migomba, kaburi.

Meza ilikubali ushahidi, na kwa kuwa ulikuwa umekubaliwa, mtambo sasa uliruhusiwa kuuliza chembe swali ambalo haukuruhusiwa kabla: je, mlilala wenyewe au mlimwagwa? Chembe zilijibu. Juu ya Ivuga mstari mweupe ulivunjika vipande, ukawa vichuguu, vichuguu vikainuka kimoja kimoja na kuelea juu ya bonde, vingi kama nyuki, vikivuka mto kurudi vilikotoka. Vilitua Mashwena. Vilipomaliza kutua vikaungana, na mto ukawa umelala juu ya shamba la Naetwe Mgonja, mpana kuliko alivyoukumbuka.

Limbu aliutazama. Kisha akaweka kiganja chake kwenye muhuri, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya.

Juu barabarani nyumbu waliinua vichwa.

Waliokuwa nje walizisikia injini, na wakaona zinaelekea upande gani. Naetwe alipotoka, Mashwena walikuwa wameacha kuzungumza. Mzee Mrutu alimkaribia mpaka akawa karibu kumgusa.

"Hata kaburi la mama yako," alisema. Hakupaza sauti. "Wewe ni mtu wa namna gani?"

Alimtafuta baba yake kwa macho. Mzee Kadiva alikuwa katikati ya wenzake. Mmoja alikuwa amemshika bega, kama mtu anavyoshikwa msibani. Macho yao yakakutana, na mbele ya watu wote mzee akageuza uso, akaondoka nao. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

*

Mashwena walihama nyumba baada ya nyumba. Hakuna aliyemsalimu. Alilala hemani mpaka hema lilipofungwa, kisha Limbu akamwachia blanketi na mkate, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kushuka zake na mitambo. Gari la mwisho la uwandani lilipoondoka, Naetwe aliteremka shambani, kwa kuwa aliambiwa kwamba baba yake amekataa kupanda.

Alimkuta kwenye kaburi. Masale yalikuwa yameng'olewa na kulazwa pembeni kwa mpangilio, mizizi imefungwa kwa majani ya migomba. Alikuwa amechimba. Udongo mweusi ulikuwa umerundikwa juu ya turubai.

"Mifupa iko kwenye lile sanduku," alisema bila kumwangalia. "Yake haikuwa mingi. Lakini udongo nao ni wake. Nataka upandishwe juu, kwenye jiwe."

Kutoka juu ya bonde ilisikika sauti ya nyumbu wakibomoa tuta. Walikuwa wamekwisha kuziba mkondo wa katikati kwa nusu, chini ya mawe ya kuvukia, na maji yalikuwa yanainuka taratibu, bila haraka, kwenye kingo.

"Baba," alisema Naetwe. "Uliponipa shamba."

"Ndiyo."

"Mrutu alifikiri unanifunga."

"Mrutu hufikiri anachopenda."

"Ulijua."

Mzee Kadiva alipiga jembe chini na kuliegemea. "Nilikula yamini kwamba sitafungua kinywa mbele ya meza. Sikukifungua. Kutoa shamba si kusema."

"Na wewe wanakupa pole. Mimi wananitemea mate."

"Ndiyo."

"Ulinitwisha mimi, baba. Wewe ukabaki na yamini yako na wenzako, mimi ukanitwisha."

Alifikiri angekataa, au angesema neno la kumpoza. Badala yake aliingia nyuma ya jiko, na aliporudi alikuwa ameshika karai la bluu, rangi imebanduka, tundu lake limezibwa kwa kipande cha bati na lami. Aliinama, akalijaza udongo kwa mikono.

"Sikuwa na mwingine," alisema.

Kisha alipanda kwenye jiwe, akatoa baragumu ndani ya koti, lile la pembe ya tandala, akapuliza. Sauti ilikuwa hafifu kuliko zamani, lakini bonde lilikuwa tupu na ilifika kote. Mashwena hapakuwa na mtu wa kuitika. Ng'ambo, Ivuga walitoka kwenye milango yao na kusimama kwenye matuta ya tangawizi, wengi, wakiangalia. Alipuliza tena. Mwanamke mmoja alichukua karai na kuanza kushuka, na Naetwe akatambua mwendo wa Nakijwa. Alishuka mbio, karai kichwani, mpaka kwenye mawe ya kuvukia.

Mawe yalikuwa yameshafunikwa. Nakijwa alitia mguu mmoja, maji yakamfika kiunoni, akarudi nyuma. Alibaki ukingoni. Alipiga kelele kitu fulani, lakini kati yao sasa kulikuwa na sauti ya mto.

Mzee Kadiva alishuka kutoka kwenye jiwe, akavuta pumzi, akashika karai la bluu upande mmoja.

"Inama," alimwambia binti yake.

Naetwe aliinama, na baba yake akamtwisha.